Leteni Rula

Kuna picha moja inayozunguka kila baada ya miezi michache. Mtoto amesimama pembeni ya barabara ya vumbi, kaptula imetatuka, mkononi ameshika fimbo ndefu, na mwisho wa fimbo kuna gari alilolitengeneza mwenyewe kwa dumu, waya na ndala zilizokwisha. Maneno ya chini ya picha hubadilika kidogo tu. "Sanaa kutoka kwenye taka." "Umaskini haujaua kipaji." "Injinia wa kesho." Tunaweka kopa, tunaandika "hatari sana huyu dogo", tunapita zetu. Halafu wanakuja waandishi wetu wa insha, watu ninaowasoma na kuwaheshimu, wanaichukua picha ileile na kuijengea kurasa nne za huruma. Nimezisoma nyingi. Ndani yake nimekutana na utoto, jua, matumaini na bara zima la Afrika. Sijawahi kukutana na jibu la swali ambalo mtoto yeyote wa Kahama angeliuliza kwanza: hilo ni gari gani?

Maana ni gari fulani, si gari tu. Ni Kenta au ni Fuso? Ni Scania 111 yenye pua au ile ya uso bapa? Ni Noah, au ni mchomoko wa kwenda Katoro unaopakia watu tisa? Aliyelitengeneza anajua. Wenzake wakiliona wanajua, na asipolipatia wanamcheka mpaka analirudisha nyumbani kulifumua. Sisi watu wazima ndio tusiojua, na kutojua kwetu tumekupa jina la sifa.

Hoja yangu ni fupi na naisema mapema ili asiyekubaliana nayo ajiandae. Gari la dumu ni mfano. Ni mfano kwa maana ileile ambayo kijigari cha plastiki cha kwenye boksi, kile wanachouza Tamiya wa Japani au Airfix wa Uingereza, ni mfano: kitu kidogo kilichoundwa kufuata kikubwa kilichopo au kilichokuwepo, kwa kipimo. Na mfano hupimwa. Ukiusifu bila kuupima hujausifu, umempapasa mtoto kichwani ukaondoka.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Shinyanga na Geita ni mikoa ya mizani. Bibi zetu walibishana na karani wa pamba juu ya kilo moja mpaka jua likazama. Mwadui, ambako John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, kumbukumbu zinatunzwa kwa karati: lile jiwe la waridi la mwaka 1947 lilikuwa na karati 54.5, likakatwa zikabaki 23.6, nalo likaenda kwa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Miaka yote hii hata hiyo nusu karati haijaangushwa njiani. Leo hii mnunuzi wa dhahabu anafunika mzani wake kwa kisanduku cha kioo ili upepo usiibe pointi. Tunajua kupima, jamani. Ila tukifika mbele ya kazi ya mikono ya mtoto tunaiweka mizani yote chini na kuanza kushangaa.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana nadhani wengi wanaoiita taka hawajawahi kuijaribu.

Kijigari cha boksi ni cha polistirini. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, vina namba. Unavikata, unalainisha kwa msasa, unaunganisha kwa gundi ambayo kazi yake ni kuyeyusha kidogo kingo za vipande viwili hadi viwe kitu kimoja. Nimejenga viwili vya namna hiyo, nilivyoletewa na ndugu aliyeko nje, na sina ubaya navyo. Wapo wanaosema mambo ya maboksi ni ya kizungu, kazi ya kufuata maelekezo, haihitaji akili. Hao nao siwaungi mkono. Boksi ni imla, na aliyeandika imla nyingi anajua tahajia. Hutamdanganya springi inafungwa wapi. Tena huko mfano haukuanza kama mchezo wa watoto tu. Airfix, mwishoni mwa miaka ya 1940, walitoa kijitrekta cha Ferguson ambacho kilikuwa cha kuwapa mawakala wa kuuza matrekta, wamwoneshe mnunuzi kitu chenyewe juu ya meza. Mtu mzima mwenye tai alikuwa anatembea na trekta kwenye mkoba, na hakuna aliyemwita injinia wa kesho.

Dumu la mafuta ya kula ni plastiki nyingine kabisa. Ni polithini, na polithini haishiki gundi. Weka supagluu, weka gundi ya viatu, subiri hata siku tatu: inabanduka kama ganda la kidonda. Kila kitu kwenye gari la dumu kinatokana na sheria hiyo moja. Huwezi kugandisha, basi unashona: unatoboa kwa msumari wa moto, unapitisha waya mwembamba wa umeme, unakaza kwa koleo. Au unakunja: unaisogeza plastiki juu ya makaa bila kuigusisha, unaikodolea macho, na ile nyeupe ya maziwa inapoanza kuwa angavu kama ute wa yai ndipo unaikunjia kwenye ukingo wa ubao na kuishikilia mpaka ipoe. Ukichelewa inajikunyata, na moshi wake si wa kuvuta. Ukiwahi mno inarudi ilivyokuwa. Kioo cha mbele kinatoka kwenye chupa ya maji. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Matairi ni soli za ndala, duara lake limechorwa kwa mdomo wa kopo. Nimewahi kuona springi zilizotengenezwa kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo: vipande vitano, kila kimoja kifupi kuliko kilicho juu yake, vimefungwa katikati kwa waya, vilevile kama vyuma vya springi ya lori. Na zinanesa! Ukipakia mawe gari linakaa, ukiyashusha linanyanyuka.

Mtu akiniambia hiyo ni "taka iliyopewa uhai", namuuliza kama alihesabu vyuma vya springi.

Halafu neno lenyewe, taka. Gari ambalo waundaji wa rika langu walilipenda kuliko yote ni Landrover ya zamani, hasa ile ndefu tunayoiita mia na tisa. Jina ni kipimo: inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Landrover ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake huko Wales, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasesi ya Jeep. Inasimuliwa kwamba umbo lake alilichora kwanza kwenye mchanga wa ufukweni. Bodi wakaiunda kwa alumini kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipatikana, wakaikunja kwa mistari iliyonyooka kwa sababu ukunjaji wa namna hiyo hauhitaji mashine ghali.

Hebu rudia aya hiyo ukiweka Katoro mahali pa Uingereza. Kuchora chini, mchangani. Kuanzia kwenye gari la mtu mwingine. Bati linalopatikana, si lile unalolitaka. Kukunja moja kwa moja kwa sababu huna cha kukunjia mviringo. Ndiyo maana mia na tisa inakubali kuigwa kwa dumu na Noah inagoma. Yule aliyeibuni na huyu anayeiiga walibanwa na shida ileile. Kwa Wilks tukaiita uhandisi. Kwa mtoto wa Katoro tunaiita taka, halafu tunadhani tumemsifia.

Mwaka jana, kwenye maonesho fulani ambayo sitayataja, kijana wa miaka kama kumi na minne alileta mia na tisa ya dumu. Walimpanga kwenye kona ya wabunifu chipukizi, kati ya mashine ya kutotolea vifaranga na jiko la pumba za mpunga. Wakapita waamuzi watatu wenye karatasi za alama. Wa kwanza akauliza, "Ina injini?" Haina. Wa pili akauliza, "Inatatua changamoto gani kwenye jamii?" Kijana akanyamaza. Wa tatu akapiga naye picha. Wakahamia kwenye vifaranga.

Huo ni usomaji mbovu, na ni mbovu kwa namna ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaijua. Ni kumuuliza Shaaban Robert shairi lake linakoboa magunia mangapi kwa saa.

Nilibaki pale nikatoa rula.

"Shikamoo," alisema, akiiangalia rula kwa wasiwasi kuliko alivyowaangalia waamuzi.

"Marahaba. Mia na tisa hii?"

"Ndiyo."

"Umeionea wapi? Si zimekwisha?"

"Iko moja kwa babu. Haina injini. Kuku wanatagia humo."

Tukapima. Ekseli hadi ekseli, sentimita 28. Ya kweli ni 277 hivi, kwa hiyo tuko kwenye moja kwa kumi, karibu kabisa. Swali linalofuata ni kama ameishika kumi yake kila mahali. Upana halisi ni kama sentimita 168, kwa hiyo alitakiwa apate 17. Yake ina 19. Nikamwambia, umeipanua. Hakubisha. Alisema akiiweka 17 inapinduka kwenye kona, kwa sababu inasukumwa kwa fimbo kutoka juu na njia ya kwao ina makorongo. Matairi nayo yamezidi, kwa sababu hiyohiyo. Sawa, huo ni uamuzi: amedanganya kwenye upana ili asidanganye kwenye mwendo. Nimesoma riwaya zilizoshindwa kuamua hilo.

Taa za mbele ameziweka ndani, zimebanana pembeni mwa wavu, na hapo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Landrover zilihamishia taa kwenye madigadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Kwa hiyo ya babu yake ni ya kabla ya hapo, na dogo ameiandika tarehe bila kuijua tarehe. Bawaba za milango ziko nje, zinaonekana, ndivyo inavyotakiwa. Tairi la spea liko juu ya boneti. Alipochemka ni nyuma. Mlango wa nyuma ni kipande kimoja cha plastiki kisicho na mstari wala kitasa, kama mtu aliyechoka kabla ya kumaliza, na nikamwambia hivyo.

"Huko nyuma kuna kuku ameatamia," alisema. "Ni mkali. Sikupaona vizuri."

Na kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Kwenye kona ya bampa ya mbele alikuwa amesimamisha waya mrefu wenye kibendera chekundu, kama vinavyofungwa kwenye magari ya migodini ili dereva wa lori kubwa ayaone kabla hajayakanyaga. Mgodi mkubwa wa Geita wa siku hizi ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mia na tisa ya kabla ya 1970 kuvaa kibendera hicho ni sawa na hadithi ya enzi za Mjerumani ambamo mtu anatoa simu mfukoni. Nikamwambia kibendera si cha gari hili. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Bila kibendera hawaruhusu kuingia mgodini."

Naweza kuandika kurasa kumi juu ya sentensi hiyo, na ningeanza kwa kusema bado nadhani kibendera kinaharibu mfano. Bado nadhani hivyo. Lakini kwanza ilibidi nijue ni gari gani na la lini ndipo nikione kibendera kuwa cha ajabu. Aliyeliona kama "gari la taka" hakuona chochote cha kumshangaza. Kwake kilikuwa ni kipande kingine cha waya. Kijana amelichukua gari bovu la babu yake, lililogeuka banda la kuku, akalipitisha getini. Jambo hilo limo kwenye kazi yake kwa waya wa kama sentimita 20, na watu watatu waliolipwa posho kutazama walilipita.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa nawaletea watoto ukali, wanahitaji kutiwa moyo kwanza. Jamani, ukali wanao. Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka 2013 kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu, na walizunguka hukuhuku, Geita, Shinyanga na Mbeya. Wapo waliokutwa wanafanya kazi wakiwa na miaka minane, wakishuka mashimoni, wakichanganya zebaki kwa mikono. Anayeishi karibu na karasha hahitaji ripoti kujua. Ninachotaka tukione ni hiki: kule kwenye mwalo hakuna anayemwambia mtoto "hatari sana". Anaambiwa jiwe lako halina kitu. Anaambiwa umemwaga. Jioni kazi yake inawekwa mzanini mbele ya macho yake, inatajwa namba, na hata akipunjwa anajua amepunjwa kiasi gani. Ni dhuluma, lakini inamchukulia kwamba amefanya kazi. Mtoto mwenye mikono inayojua sekunde ambayo plastiki inakuwa angavu anataka kitu hicho kuliko peremende, kwamba mtu mzima aitazame kazi yake na kusema, hapa umepata, hapa umekosa. Tukimnyima, machimbo hayatamnyima.

Shule ilitakiwa iwe mahali hapo. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka mikono na darasa visitengane, na kila mwanasiasa wetu amewahi kuunukuu akiwa amevaa kofia ya jua kwenye bustani ya shule. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba unasahihishwa kwa mashine; sehemu kubwa ya kazi ya mkono wa mtoto siku ile ni kutia weusi kwenye kiduara bila kuvuka mstari. Simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi mia na ishirini. Nasema tu kwamba hakuna kiduara cha upana wa Landrover.

Na lile la "injinia wa kesho" nalo liishe. Linaonekana ni baraka, kumbe ni kuahirisha malipo. Maana yake kazi ya leo haina thamani mpaka siku itakapokuwa kiwanda. Kibaha pale Nyumbu walitengeneza lori letu wenyewe miaka ya 1980, na ningependa tuwe na malori mengi zaidi ya hilo. Lakini kijana wangu wa kibendera akiishia kuwa muuza vocha, mia na tisa yake inabaki vilevile: moja kwa kumi, imezidi sentimita mbili upana, taa ndani ya wavu, mlango wa nyuma haujakamilika. Hatumwambii mtu aliyeandika hadithi nzuri kwamba ipo siku atakuwa mwandishi wa hotuba wizarani.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika, siku mkikutana tena na mtoto mwenye gari, acheni jua na matumaini kwa dakika moja. Mwulizeni ni gari gani na ameliona kwa nani. Pimeni ekseli hadi ekseli mjue yuko kwenye moja kwa ngapi, kisha mumfuate kwa kipimo chake mwenyewe mpaka mfike mahali alipokiacha, mumwulize kwa nini. Asiposema lolote, andikeni kwamba amekosea. Atawaheshimu zaidi.

Na msichelewe. Mia na tisa, Bedford zilizobeba pamba, Scania zenye pua: hakuna mahali huku zimetunzwa. Zipo kwenye viwanja vya wazee chini ya miembe, na zinaondoka kwa kilo. Mwezi wa saba nilipita kwa yule babu. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshafika kabla yangu na mzani wao wa kuning'iniza. Chasesi ilikatwa vipande ikapimwa kwa bei ya chuma, na bodi ikapimwa peke yake, kwa sababu alumini ina bei yake. Kuku wamehamishiwa kwenye tenga. Mlango wa nyuma hakuna tena wa kuukagua, na kijana ameniuliza kama kwenye simu yangu naweza kumtafutia picha ya mia na tisa iliyopigwa kwa nyuma, ya zamani, ya taa za ndani, ili aufumue ule wa kwake aushone upya. Nimempata mtu mwenye moja Tinde. Jumamosi tunakwenda na rula.